Tarakimu sita baada ya nukta, halafu?

Leo nataka kugombana na wenzangu tunaoandika programu za kupimia shamba kwa simu. Mnazijua: unazunguka mpaka, unabonyeza kila pembe, mwisho unapewa ramani na namba zenye tarakimu sita baada ya nukta. Watu wanaziamini kwa sababu ni ndefu!

Tufanye hesabu. Tarakimu ya sita ya latitudo ni kama sentimita 11 ardhini. Simu ya kawaida, penye anga wazi, hukosea mita kadhaa. Chini ya minazi huzidi. Na lile duara la "mita 4" je? Kwenye Android, maana yake ni uwezekano wa asilimia 68 kwamba uko ndani yake, yaani takriban kipimo kimoja katika kila vitatu kiko nje. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 tu. Wape majirani wawili wanaogombania mpaka ramani hiyo uone.

Hilo bado dogo. Ramani nyingi za zamani za serikali ya Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wenye chimbuko Buffelsfontein, Afrika Kusini, na umbo la dunia alilokokotoa Clarke mwaka 1880. GPS hutumia WGS84. Mahali ni pale pale, namba ni tofauti. Chukua Mbwajumali, kisiwani Pate: soma namba za nyumba kwenye karatasi ya Arc 1960, ziingize kwenye simu bila kuzigeuza, na simu itakupeleka kama mita 280 kaskazini na mita 100 magharibi ya nyumba yenyewe. Kisiwani, umbali huo watosha kukutoa mlangoni kwa mtu ukajikuta kwenye mikoko.

Na hutagundua kwa kupima tena. Rudia mara mia, namba zitakubaliana vizuri tu. Vipimo kukubaliana ni jambo moja, kuwa sahihi ni jingine.

Hata kugeuza kuna mtego. Kuna namba tatu za kuhamisha zilizokokotolewa kwa Kenya na Tanzania pamoja (-160, -6, -302), zenye shaka ya mita 20 kila upande. Za Kenya peke yake (-157, -2, -299) zina shaka ya mita 3 au 4. Programu ikichagua zile za kwanza kimya kimya, mtumiaji atajuaje?

Mtasema bora kitu kuliko bila. Sawa, lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yenyewe inakiri kuwa mpaka kwenye ramani ya usajili ni wa kukadiria, ila pale ilipoandikwa kuwa umethibitishwa. Karatasi inakiri, simu haikiri.

Ninachodai si kikubwa. Kila namba ihifadhiwe pamoja na mfumo wake (21037 kwa Arc 1960, 32737 kwa WGS84, zote UTM kanda ya 37 kusini). Zile tarakimu mbili za mwisho zifichwe. Na kabla ya kuipeleka programu Mbwajumali, simama juu ya bikoni ambayo wapima ardhi wameshaipima, pima siku tofauti, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo chake. Jibu hilo, hata likiwa mita 7, liandikwe juu ya ramani kwa herufi kubwa.