Kinanda cha Umeme: Kizima au cha Vipande?



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililoleta ubishi mwingi muhula huu baina yetu sisi wa klabu ya fizikia na wenzetu wa kwaya. Tumekusudia kutengeneza kinanda cha umeme kwa fedha chache zilizopatikana katika korosho za shamba la shule. Je, kiwe kizima au cha vipande? Mimi ni mwanakwaya pia, kwa hiyo nitajitahidi kutopendelea upande.

Ubishi huu haukuanzia hapa Nachingwea. Mwaka 1964 Robert Moog wa Marekani, akisaidiana na mwanamuziki Herbert Deutsch, alianza kuunda sinthesaiza, yaani kinanda kinachozaa sauti kwa umeme. Kilikuwa cha vipande. Kipande kimoja huzaa sauti, cha pili huichuja, cha tatu huikuza au kuipunguza, na mpigaji mwenyewe huviunganisha kwa nyaya apendavyo. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ambayo vipande vyake vimekwisha kuunganishwa ndani ya sanduku moja. Mtu huwasha akapiga.

Kinanda kizima kina sifa zake. Chabebeka, na sauti hupatikana upesi. Cha vipande kina taabu: ukichomoa nyaya, sauti ya jana imepotea, na kuirudisha huenda ukakesha. Rafiki yangu wa bweni hunicheka akisema, “Wageni wa mahafali wameketi, nawe bado wachomeka nyaya!” Hapo amesema kweli.

Lakini tukumbuke yaliyotupata mwaka jana. Kinanda cha kwaya, kilichonunuliwa dukani, kilizimika juma moja kabla ya mahafali. Hakuna aliyejua kosa li wapi, kwa kuwa hakuna aliyepata kujua ndani mna nini. Kimo kabatini hata leo. Kinanda cha vipande kikiharibika, wajaribu kipande kimoja kimoja mpaka umpate mgonjwa.

Tena kinanda cha vipande ni mwalimu. Katika chumba cha kompyuta tulionyeshwa programu ya bure iitwayo VCV Rack, inayoiga vinanda vya namna hiyo. Nikaongeza volti moja, na sauti ikapanda okteva nzima: mitetemo 220 kwa sekunde ikawa 440. Mambo hayo nilikuwa nimeyakariri daftarini. Siku ile niliyasikia kwa masikio yangu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Kwetu Ruangwa, katika ngoma za usiku, kila ngoma ina sauti yake na kazi yake. Ngozi moja ikilegea, ngoma ile hupelekwa motoni ikakazwe, na nyingine zaendelea kulia. Hakuna atupaye ngoma zote kwa ajili ya moja.

Basi maoni yangu ni haya. Tuanze na kipande kimoja: saketi ya kuzaa sauti, ya kutumia betri, kwa transista na kapasita za redio mbovu. Kichujio kifuate muhula ujao. Na ili kwaya wasisumbuke na nyaya, yale maungio ya kila siku tuyafunge kwa ndani, kama ilivyofanywa katika ARP 2600 ya mwaka 1971. Kinanda hicho hulia bila waya wa nje hata mmoja, lakini mwenye kutaka kubadili huweza kuchomeka wake. Kwa sasa kwaya waimbe kwa ngoma, nami nitakuwa pamoja nao.

Najua sisi wa kidato cha nne tutaondoka kabla kazi haijakwisha. Ndiyo sababu nasema haya. Haba na haba hujaza kibaba. Tukiacha kipande kimoja kinacholia, pamoja na mchoro wake, kidato cha tatu watapata pa kuanzia. Tukiacha sanduku zima lisilolia, tutakuwa tumewaongezea mzigo wa pili kabatini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne