Kisa kapanda boda, ndio mmesema kafulia?

Wadau, mmemuona yule staa wetu wa Ujiji anayeishi Oman? Jina nalihifadhi. Katua Kigoma juzi kati, kapigwa picha yuko juu ya bodaboda pale Mwanga, basi mitandaoni ikawa vita. "Kafulia huyo!" "Kule alikuwa anapiga picha na magari ya watu!"

Jamani, tuache ushamba. Oman wanaendesha kulia, usukani uko kushoto. Lilete gari hilo huku kwetu uone, ukitaka kulipita lori njia ya Kasulu lazima abiria ndio akuchungulie mbele. Hapo bado ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18, na gari likiwa kuukuu unaongezewa mwingine. Halafu kutoka bandari ya Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, mafuta juu yako.

Kuna jamaa mtaani kwetu aliuza kiwanja cha urithi ili arudi na gari. Leo liko juu ya mawe, kuku wanatagia ndani, na mama yake bado anapanga chumba.

Huyu mnayemcheka kaja bila gari, ila nyumba ya mama yake imeezekwa upya. Mimi nampa heko. Masika ikianza, mama hawezi kulala ndani ya picha ya Instagram.

Ungekuwa wewe ungeleta nini, gari au bati? Dondosha koment hapo chini, matusi sitaki.