Kilo za Kogo si namba tu

Wasee wa programu, mtanitusi lakini nasema: lugha isiyojua tofauti ya kilo na namba ya mkulima isiachiwe majani ya mtu peke yake.

Naongea kuhusu Forth, ya Charles Moore, imekuwepo tangu miaka ya 1970. Kila kitu unakirundika kwenye staki kama sahani: cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa. Unaandika 2 3 + unapata 5. Naipenda, si uongo. Ni ndogo, na inaingia kwa mashine za bei ya chini.

Sasa iweke kwa kituo cha kununua majani huku Bomet. Kogo ameleta chai yake, karani anataka jina, namba ya mkulima na kilo. Kwa Forth zote ni namba tu. Ukiandika S" Chebet", staki inabaki na mbili: mahali jina limekaa kwenye kumbukumbu ya mashine, na 6, hesabu ya herufi. Weka + hapo na itajumlisha hizo mbili bila kuuliza. PostScript nayo ni ya staki, ya 1984, lakini ukijumlisha jina na namba inakataa palepale: typecheck.

Kilo ndizo mbaya zaidi. Andika 12.5 kwenye Gforth. Hupati kumi na mbili na nusu! Inaweka 125 chini na 0 juu yake. Desimali yenyewe inataka 12.5e, tena inakaa staki nyingine kabisa. Ukichukua cha juu ukidhani ni kilo, basi Kogo leo hakuchuma kitu.

Mashabiki watasema Forth inamwamini anayeandika. Sawa, lakini Kogo hakuandika. Yeye anapewa risiti, anaikunja, anangoja bonasi.

Dawa ipo. Pima kwa gramu, 12500, desimali ziishe. Kila namba ibebe lebo juu yake: 1 gramu, 2 mkulima, 3 shilingi. Halafu tunga neno lako la kujumlisha, lisome lebo kwanza, zikitofautiana ligome. Ni mistari michache.

Ndiyo, itakula nafasi mara mbili na kuchelewa kidogo. Mizani inapima mzigo mmoja mmoja. Pale hakuna anayekimbizana na sekunde, labda dereva wa lori.