Wingu na Amana: Istilahi Moja na Ofisi za Pemba

Kisiwani Pemba wingu si neno la kumpumbaza mtu. Katika msimu wa karafuu, wingu zito likitanda watu hukimbilia majamvini kuanua walichokianika, maana karafuu iliyonyeshewa hupoteza rangi na bei. Neno hilohilo ndilo analopewa leo katibu wa jumuiya au mwalimu mkuu wa skuli, Wete au Chake Chake, anaposhauriwa kuhamishia hati za ofisi yake katika programu zinazotumika kwa njia ya intaneti, kama Google Workspace au Microsoft 365. Huambiwa kwamba hati zitakaa “winguni”, nako ndiko kwenye usalama.

Uhamaji wenyewe una manufaa yasiyokanika. Kompyuta moja iliyobeba kumbukumbu zote za ofisi ikiharibika kwa chumvi ya hewa ya bahari, kumbukumbu hizo hupotea pamoja nayo. Hoja hapa ni ya istilahi. “Wingu” ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na huko lilikotoka lilitokana na michoro ya wahandisi, ambao walichora wingu kuwakilisha sehemu ya mtandao ambayo undani wake haukuhitaji kuonyeshwa. Kwa maneno mengine, ni alama iliyokusudiwa kuficha. Mhandisi ajuaye kilichofichwa haimdhuru. Katibu asiyekijua humpotosha.

Kilichofichwa ni mashine za kampuni, zilizo nchi kavu, katika majumba yenye wenyewe. Mpemba hana haja ya sitiari ya mbinguni ili aelewe jambo hili. Umeme wa gridi ulimfikia mwaka 2010 kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Intaneti nayo hutegemea bahari: tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM ilidhoofisha mawasiliano Tanzania na katika nchi jirani. Ofisi isiyobakiza nakala yoyote karibu nayo hukwama siku kama hiyo.

Lugha ina neno lifaalo zaidi, nalo ni amana. Awekaye amana hubaki mwenye mali. Aipokeaye huwa na wajibu wa kuitunza na kuirejesha. Neno hili likitumika, maswali huja yenyewe. Amana imewekwa kwa jina la nani? Nani ana haki ya kuidai? Ada isipolipwa itakuwaje? Haya si maswali ya kinadharia. Akaunti ya ofisi ikifunguliwa kwa jina la kijana mmoja ajuaye kompyuta, siku atakapopata kazi Unguja au Maskati neno la siri litaondoka naye.

Itasemwa kwamba wingu limekwisha kuenea. Ni kweli, na ngamizi na tarakilishi hazikuing’oa kompyuta katika vinywa vya Watanzania. Basi libaki jina, lakini fasili yake ijengwe juu ya amana, katika kamusi na katika mafunzo. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilithibitisha kwamba programu ya ofisi yaweza kusema Kiswahili. Tofauti ni kwamba ile ilikaa katika mashine ya mtumiaji na maneno yake hayakugeuka usiku mmoja. Za leo hubadilishwa na kampuni itakapo, maneno ya Kiswahili yakiwemo, na BAKIZA na BAKITA hazina budi kuwa karibu na wakufunzi kuliko zilivyokuwa karibu na wachapishaji.

Mkufunzi aendaye Mkoani asianze kwa kufungua akaunti. Aanze na daftari: hati zipi zipo, ni za nani, nani atazidai. Daftari hilo libaki kabatini.