Ajali ya Baiskeli Ina Kinga

Kijana aangukapo katika mashindano ya baiskeli, maneno yaleyale husemwa: "Ajali haina kinga." Wazee huyasema kwa upole, waandalizi huyasema kwa haraka, kisha watu hurudi makwao na mioyo imetulia. Msomaji, nakusihi usiyapokee maneno hayo kabla ya kuyapima. Methali ni mali ya hekima, lakini hata mali njema yaweza kutumiwa kulipia deni la uvivu. Mimi nasema kwamba ajali nyingi za mchezo huu zina kinga. Na mahali ambapo kinga haikuwekwa, kilichomwumiza mtoto wa watu si kudra bali ni uzembe.

Kwanza ijue nguvu unayocheza nayo. Fizikia yatufundisha kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya pigo huzidi mara nne. Mpandaji aendaye kilometa 20 kwa saa akigonga ukuta, hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu hivi. Akienda kilometa 40, mwendo usio wa ajabu katika mashindano, pigo lake ni la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 6, yaani juu ya nyumba ya ghorofa. Mwenye gari amezungukwa na chuma. Mwenye baiskeli amezungukwa na upepo. Tena wapandaji hufuatana gurudumu nyuma ya gurudumu, kwa kuwa aliye mbele humkinga upepo aliye nyuma. Mmoja akigusa gurudumu la mwenziwe huanguka, na wanaomfuata humwangukia.

Sasa tazama kama ni kweli kwamba kinga haipo. Mwaka 1991 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli liliamuru wapandaji wa mashindano ya barabarani wavae kofia ngumu. Wapandaji wenyewe waligoma, na amri ikaondolewa. Mwaka 1995 Mwitalia Fabio Casartelli alianguka katika mteremko wakati wa Tour de France, kichwa kitupu, akafa. Mwaka 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan alianguka katika mashindano ya Paris-Nice, kichwa kitupu vilevile, akafa. Ndipo amri ikarudi, mwaka huohuo. Siapi kwamba kofia ingaliwaokoa wote wawili. Lakini kinga iliyojulikana mwaka 1991 iliwekwa kando miaka 12, mpaka maziko yakaikumbusha. Hiyo si kudra; ni kiburi.

Mpinzani wangu atanitajia Suleiman Kangangi, Mkenya hodari, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya njia ya changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Atauliza: ikiwa stadi kama huyo alianguka, kinga iko wapi? Najibu kwamba sikusema kinga huondoa hatari yote. Mwavuli hauzuii kila tone la mvua, wala hapana autupaye kwa sababu hiyo. Kifo cha stadi ni sababu ya kumwongezea mwanagenzi ulinzi, si sababu ya kumnyima.

Na mwanagenzi ndiye ninayemtetea. Mchezaji wa kulipwa aweza kuwa na timu, daktari na bima. Mchezaji wa ridhaa ana baiskeli yake, pengine ya kuazima, na ana mama yake. Akivunjika mtulinga, mfupa ambao wapandaji huuvunja mara nyingi, gharama ya hospitali huwa deni la nyumba nzima, na ikiwa ni mwanafunzi, masomo nayo hulala. Ni mara ngapi mashindano ya sikukuu huandaliwa kwa kipaza sauti, kikombe na hotuba, pasipo gari la wagonjwa? Vijana huachiliwa katika njia moja na malori na matatu, breki hazikaguliwi, mshindi akifika shangwe hupaa, na hapana ahesabuye waliobaki nyuma.

Usidhani kuhesabu ni jambo dogo. Septemba 2024, katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Zurich, Uswisi, msichana wa miaka 18, Muriel Furrer, alianguka mahali penye msitu. Muda mrefu ulipita kabla hajaonekana, naye akafa kesho yake. Mwaka uliofuata, ubingwa huo ulipofanyika Kigali, wapandaji walichukua vyombo vya kuonyesha mahali walipo. Sisi huenda tusiwe na vyombo hivyo, lakini daftari na kalamu tunazo: wameondoka 40, na warudi 40.

Watasema fedha hazitoshi. Zikitosha kununua kikombe, zitoshe kununua bendeji. Na zisipotosha kwa vyote viwili, kikombe kingoje.

Nawe msomaji una wajibu wako. Usiache kofia kwa kuogopa kuchekwa. Kagua breki na tairi kabla ya kupanda. Ukigonga kichwa, shuka, hata ikiwa imebaki kilometa moja tu na wajiona mzima, kwa maana ubongo uliotikiswa si shahidi wa kuaminiwa. Na mwandalizi akikuita, muulize maswali matatu: Je, barabara imefungwa? Mganga yuko wapi? Nani atatuhesabu? Akikosa majibu, baki nyumbani. Kukataa huko nako ni ushujaa, maana wengi hawauwezi.

Baiskeli ni chombo chema, na mbio zake hufunza subira na ustahimilivu. Siombi zikomeshwe. Naomba kwamba siku methali ile itakapotamkwa tena juu ya kijana aliyelala kando ya njia, uulize kwanza kama kinga ilitafutwa. Ikiwa ilitafutwa, tuomboleze pamoja. Ikiwa haikutafutwa, tusiisingizie ajali kosa la mtu.