Mwili Haujazoea: Majibu kwa Watetezi wa Zamu ya Usiku

Hoja zao mmezisikia wodini, lindoni na kiwandani, kila mfanyakazi wa zamu anapolalamikia kipandauso. Pimeni wenyewe.

Hoja wanayoipenda kuliko zote ni kwamba mwili huzoea. Ina chembe ya ukweli: saa ya mwili husogea. Ila husogea kwa takriban saa moja tu kwa siku, na kinachoisogeza zaidi ni mwanga. Sasa itazameni ratiba: mchana siku mbili, usiku siku mbili, kisha mapumziko. Mwili uzoee lini? Mlinzi anayetoka lindoni saa 12 asubuhi hupigwa na jua njia nzima mpaka kwake, na jua hilo huiambia saa yake kwamba siku ndiyo kwanza imeanza. Halafu wanaosema mwili huzoea ndio hao hao wanaomwonya asikose vidonge mfukoni. Mwili uliozoea, vidonge vya nini?

Tena wanashauri kumeza mapema. Kumeza maumivu yanapoanza ni sahihi kabisa. Lakini wao wanamaanisha kila zamu, kichwa kiume kisiume. Vigezo vya kimataifa vinasema hivi: parasetamoli au ibuprofeni ikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe yaweza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwamo vile vyenye kafeini, kiwango hushuka hadi siku 10. Mhesabieni muuguzi zamu zake za mwezi mzima. Dawa za kuzuia kipandauso zipo, propranololi na amitriptilini miongoni mwake, ila huandikwa na daktari. Na propranololi haimfai mwenye pumu.

Kahawa nayo wanaisifu, na kweli hukesha na mtu. Tatizo ni saa. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, hivyo kikombe cha saa 10 alfajiri bado kiko kazini saa 3 asubuhi, mtu akijigeuzageuza kitandani.

“Lala siku nzima ukipata mapumziko, ulipe deni.” Deni la usingizi lipo, silikatai. Lakini kulala kupita kiasi nako huamsha kipandauso. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio kwa wanawake 43 wenye kipandauso sugu. Waliofundishwa nidhamu ya usingizi, ikiwamo kwenda kitandani kwa saa maalumu, walipata nafuu kubwa kuliko kundi la kulinganisha.

Eti ni kisingizio cha wavivu? Shambulio lisilotibiwa hudumu saa 4 hadi 72, mara nyingi na kichefuchefu, na mwanga wa taa tu ni mateso. Sioni mvivu wa kuchagua hayo.

Limebaki lile la kufunga mjadala: kazi ni kazi, hakuna la kufanya. Lipo. Pazia zito chumbani, miwani ya jua njiani kwa asiyeendesha chombo, mlo usiorukwa, daftari la kuandika saa za kulala na siku za maumivu, la kumwonyesha daktari. Na zamu zinazokwenda mbele, asubuhi, jioni, kisha usiku, mwili huzimudu vizuri kuliko zinazorudi nyuma. Mabadiliko hayo ya ratiba hayahitaji mashine mpya. Mwulizeni anayepanga ratiba kazini kwenu kwa nini hajayafanya.