Kupanga nyumba nje ya mji: tusihesabu franga peke yake

Mji wetu wa Kisangani unapanuka. Njia ya Buta, njia ya Ituri, njia ya Lubutu, njia ya Bangoka: kila upande nyumba mpya zinasimama kwenye vile vituo tunavyovihesabu kwa kilomita, PK hii na PK ile. Wanaoingia humo ni wenyeji wanaokimbia kodi ya Makiso, pamoja na familia zilizotoroka mapigano yaliyozuka Lubunga mwezi wa Februari 2023 na kusambaa hadi upande wa Ubundu na Opala. Wakifika mbele ya komisioneri, wote wanauliza ulizo moja: ni franga ngapi kwa mwezi?

Ulizo hilo ni la haki, lakini lisiwe la kwanza. Maoni yangu ni kwamba familia inayotafuta nyumba ianze na faragha, yaani nafasi ya kujisitiri. Kisha iangalie kelele. Bei ije ya tatu, na ihesabiwe yote, si kodi peke yake. Wengi wetu tunageuza mpango huo, na baada ya miezi miwili tunabeba tena magodoro.

Nimeweka faragha mbele kwa sababu parseli nyingi zetu zina familia tatu, nne au zaidi, choo kimoja, bafu moja ya maturubai, na nyumba zilizopangwa mstari bila plafo. Ukuta unaishia chini ya paa, na maneno yanapita juu yake. Mume na mke wakizungumzia deni, jirani anajua. Msichana wa miaka kumi na minne anaoga mahali ambapo kila mpita njia anaona miguu yake. Kwa familia iliyokimbia, jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Wamekwisha kulala wengi pamoja kwenye kambi, au miezi mingi katika sebule ya ndugu, ambapo mama hawezi kubadilisha nguo bila kuomba watu watoke. Hata undugu unachoka hapo. Tumeona familia zilizopokeana kwa machozi ya furaha, halafu zikaachana kwa matusi, na mara nyingi chanzo kilikuwa kukosa mlango wa kufunga.

Kwa hiyo, mama na baba, mkionyeshwa nyumba, msisimame barazani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Angalieni kama ukuta unafika juu. Angalieni kama choo kina mlango unaofunga kwa ndani, na usiku msichana atapita wapi kukifikia. Hesabuni familia zilizomo ndani ya parseli. Chumba kimoja chenye kujisitiri kinashinda vyumba viwili vilivyo wazi kama soko.

Nije kwenye kelele. Kisangani ni mji wa sauti, na sisemi tuufanye kama makaburi. Lakini kuna nganda inayopiga muziki hadi alfajiri, kuna kanisa lenye mkesha na vipaza sauti vinne, kuna mashini ya kusaga mihogo inayoanza asubuhi, na kuna matanga ya siku tatu. Umeme wa Tshopo ukikatika, jenereta nazo zinaamka. Anayefanya zamu ya usiku hospitalini hatalala mchana karibu na mashini. Mwanafunzi wa mwaka wa sita hatasoma karibu na nganda. Na mtoto aliyekimbia kijijini usiku kwa makelele ya watu bado anaruka kitandani akisikia mlipuko au vifijo vya ghafla. Kwake yeye, utulivu ni sehemu ya kupona.

Komisioneri atakuleta saa nne ya asubuhi, wakati nganda imelala. Rudi peke yako Ijumaa au Jumamosi usiku, usimame mbele ya parseli nusu saa. Ongea na mpangaji wa jirani, kwa maana siri ya mtungi aijuaye kata.

Lakini tusikimbilie pia ukimya wowote. Kuna nyumba za mbali sana, zimezungukwa na majani, ambapo ukipiga kelele za mwizi hakuna anayesikia. Sauti za jirani zikizidi zinachosha, ila usiku wa hatari ndizo zinazokuokoa. Nyumba nzuri ni ile ambayo jirani hasikii mazungumzo yako, lakini anasikia kilio chako.

Sasa bei. Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba ya kwanza, karibu na soko, inaombwa franga 80,000 kwa mwezi. Ya pili, mbali, ni franga 40,000. Watu wawili wa nyumbani wanashuka mjini siku 26 kwa mwezi. Tuseme pikipiki ni franga 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Hiyo ni franga 4,000 kila siku, na 104,000 kwa mwezi. Nyumba ya "bei rahisi" imefika 144,000. Hata wakipanda toleka kwa nusu ya bei hiyo, jumla ni 92,000. Bado hatujahesabu maji ya kununua kwa bidon. Na anayepanga Lubunga akifanya kazi ng'ambo hii, aongeze mtumbwi asubuhi na jioni, kwani mto Kongo hauna daraja hapa kwetu, na mgonjwa hachagui saa ya kuugua. Lakini kwa anayelima au kuuza palepale anapoishi, hesabu inageuka, na nyumba ya mbali inaweza kumfaa kabisa.

Najua jibu la wengi: mwenye shida hachagui. Ni kweli, aliyefika na mtoto mgongoni atachukua paa la kwanza. Simlaumu. Lakini hata mwenye kidogo anachagua kati ya vidogo viwili, na afadhali achague akiwa na macho wazi.

Tena mzigo huu usiachwe kwa mpangaji peke yake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anayemdai mkimbizi wa ndani miezi sita anavunja sheria, na komini inapaswa kumwambia hivyo waziwazi. Wenye parseli, mlango wa choo na mbao chache za kufunga juu ya ukuta haziwafilisi. Wekeni kabla ya kuongeza familia ya tano. Wachungaji na wenye nganda, geuzeni vipaza sauti vielekee ndani. Mungu anasikia bila spika, na mnywaji pia. Mashefu wa kartie nao wapokee malalamiko ya makelele bila kumwita mlalamikaji mgeni.

Kabla ya kutoa garanti, ndugu msomaji, andika karatasi yenye majina, kiasi cha pesa, tarehe na idadi ya watakaotumia choo na maji. Mtie sahihi wote wawili mbele ya shefu wa kartie, na kila mmoja abaki na nakala yake. Mwenye nyumba akikataa kuandika, funga mkoba wako na utafute nyumba nyingine.